Jiwe la Lossa Lilikuwa Baridi

Bunia, nyumbani Bigo, jioni kabla ya safari yako

Mave, binti yangu,

Shangazi zako wamekwisha kukupa maneno yote ya sabuni, ya chandarua, ya vijana wa Lubumbashi na ya kutoazimisha nguo. Hapo sina la kuongeza. Baba yako amekufungia samaki wa Mahagi-Port kwa gazeti mara tatu na sanduku bado linanuka, na hilo nalo ninaliacha. Ninakuandikia kuhusu jiwe.

Unajua lipi. Lile ulilolifunga ndani ya soksi yako ya shule na kulitia katika kikombe cha bati, ili liende nawe chuoni, walikate na kulitazama kwa hadubini. Asubuhi ya leo nilikukuta ukiandika karatasi ndogo ya kuandamana nalo. Uliandika kwa mwandiko wako mzuri: aina, huenda LL, mahali, hapajulikani, aliyeliokota, babu mzaa mama. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, nikasoma juu ya bega lako, nikarudi jikoni. Wewe ulidhani nimepita tu.

Babu yako hakuliokota. Babu yako hakuliona kamwe. Alikufa miaka mingi kabla jiwe lile halijafika duniani. Nilikudanganya ulipokuwa na miaka minane, nikakudanganya tena ulipokuwa na kumi na saba, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa nimekwisha kujua ni jiwe gani.

Wewe ndiye uliyenijulisha. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ulikuwa umetoa ema ndogo katika redio iliyokufa, sumaku isiyozidi kifungo cha koti, ukaifunga kwa uzi wa kushonea na kuitundika kwenye msumari wa mlango. Ulileta karibu jiwe la mlimani, lile jeusi lenye mistari ambalo kila mtu hapa analo uani, na sumaku ikalirukia. Ulileta kipande cha tofali, haikujongea. Kisha ukaleta lile jiwe la dirishani, lililokuwa likizuia pazia letu lisipeperuke, na sumaku ikasogea pole, kidogo tu, kama mtu anayegeuza kichwa kwa kusikia jina lake kutoka mbali.

“Mama, kuya uone. Inavuta kidogo.”

“Basi ni jiwe tu,” nikasema. “Mawe mengi yanavuta kidogo.”

“Weye Mama unapenda kufunga kesi mbio.”

Ulichukua jiwe la kunolea la baba yako, ukasugua kona moja kwa maji, saa nzima, mpaka pale mahali pakawa laini kama kioo cha saa. Ukaniita tena, ukanipa kile kioo cha kukuzia ulichoazima kwa mwalimu wako wa fizikia. Nikainama kwa kukuridhisha tu.

Niliona vitufe. Vidogo, vya kijivu, vimebanana kama punje za ulezi ndani ya mfuko. Na katikati yao, hapa kimoja, pale kingine, vidoa vyeupe vinavyong'aa kama fedha. Havikuwa vingi. Ungeweza kuvihesabu, na wewe ulikuwa umekwisha kuvihesabu.

Ukanieleza huku maji ya kusugulia yakikutiririka mpaka kwenye viwiko. Jiwe la mlimani linavuta sana, lakini ukilisugua hutaona ndani yake hata chembe moja ya kung'aa hivi. Chuma chake kilikwisha kuliwa na hewa na maji, kimekuwa jiwe jeusi. Hili linavuta kidogo, lakini kile kidogo ni chuma kizima, pamoja na nikeli, na hapa duniani chuma kizima karibu hakikai ndani ya jiwe. Kwa hiyo nguvu ya kuvuta peke yake haitoshi. Lazima ufungue dirisha katika jiwe, uone kinachovuta ni nini. Kisha ukanisomea fotokopi zako. Kwamba mawe ya angani yaliyo mawe kweli, siyo yale ya chuma kitupu, hupangwa kwa kuangalia kiasi cha chuma. Kundi la H lina chuma kizima kama sehemu moja katika sita ya uzito wake, na sumaku haitaki kuliachia. Kundi la L lina chini ya moja katika kumi. Na LL ndilo maskini wa hayo matatu: katika gramu mia utapata gramu mbili, tatu, pengine hata moja haifiki. Tena yako mengine yasiyo na chuma karibu kabisa, kwa sababu yalitoka katika dunia ndogo zilizoyeyuka, chuma chao kikazama katikati.

“Sawa hii yetu,” ukasema, ukagonga sakafu kwa kisigino. “Dunia yetu iliyeyuka, Mama, chuma ikashuka mu tumbo yake. Ile jiwe haikuyeyuka hivyo. Chuma yake ingali pale iliwekwa siku ya kwanza.”

Mave, mimi nimebishana na mapasta waliouza hofu kwa chupa. Nimebishana na wanajeshi kwenye vizuizi, bunduki ikiwa kati yetu. Nimebishana na wageni wenye kamera wanaokuja kupiga picha miguu ya watoto wetu na kuondoka bila kuuliza majina yao. Sijawahi kukosa neno. Jumapili ile nilikosa. Jiwe lililokuwa likishika pazia lilikuwa na umri mkubwa kuliko sakafu niliyosimama juu yake. Lilikuwako kabla ya Ziwa Albert, kabla mto Ituri haujapata mahali pa kupita, kabla hapajawa na chini na juu. Na mimi nilikuwa nalipangusa vumbi kila Jumamosi pamoja na sahani.

Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Halafu nikakumbuka lilikotoka, na sikustahili tena kulia kwa uzuri. Ukaniuliza, “Babu alilitoa wapi?” Nikasema, “Sijui, alikuwa mtu wa kutembea.” Ukaamini, kwa sababu mimi ni mama yako, na kwa sababu mimi ndiye ninayepiga kelele redioni kuhusu watu wanaodanganya.

Sasa sikiliza.

Ulikuwa darasa la tatu. Mchana mmoja, saa nane hivi, tulisikia milio mitatu upande wa kaskazini, kisha mngurumo mrefu kama malori yanayovuka daraja la mbao. Unatujua sisi watu wa Ituri. Tukisikia mlio hatuulizi; tunachukua mtoto na godoro. Mpaka jioni vijiji vizima vya kule vilikuwa porini. Kesho yake milio ilikuwa imekwisha kupata baba: wale wa upande ule wa mto wametuma kitu. Nani aliyeona? Hakuna. Nani aliyejua? Kila mtu.

Ndipo akatokea Lossa. Alikuwa mkulima wa mihogo na maharage katika vilima vya Djugu, mtu wa makamo, mnyamavu. Alisema haikuwa bomu. Alikuwa akipalilia, akasikia milio, akaona moshi mwembamba juu, halafu kitu kikapiga udongo hatua chache kutoka kwenye jembe lake. Alikwenda akakuta shimo la kina cha kiwiko na jiwe jeusi ndani yake. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini watu walichukua jiwe lake wakaliunganisha na uvumi wao: kumbe ni kweli, kitu kimetumwa, na huyu hapa anacho.

Wakati ule, pamoja na kufundisha shuleni, nilikuwa na kipindi changu cha redio cha Alhamisi, kile ambacho baba yako alikiita “ngumi ya saa kumi na moja.” Nilijua uvumi unavyoua hapa. Sikujifunza hilo vitabuni; nilizika watu. Nikaamua kuukata uvumi ule mzizi, na mzizi niliouona ni Lossa. Nikamwalika redioni.

Alikuja na jiwe ndani ya mfuko wa unga wa mahindi, akalishika mapajani kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Lilikuwa limepasuka lilipoanguka: kipande kikubwa kama kichwa cha mtoto, na kidogo kama ngumi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, nyeusi, kama yai lililopakwa masizi. Nilikuwa na kila kitu mbele ya macho yangu. Mikro ikafunguliwa.

“Mwalimu, miye sisemi iko na mutu alituma,” akaanza. “Nasema ilianguka tu.”

“Ilianguka toka wapi?”

“Toka juu.”

“Juu wapi? Mu muti?”

Fundi wa mitambo alicheka nyuma ya kioo. Nilimsikia, na nilipenda kumsikia.

“Juu kabisa,” akasema Lossa.

“Na ilikuwa na moto?”

“Hapana. Nilikamata na mikono. Ilikuwa baridi, sawa jiwe ya mu mutoni.”

Nikageukia mikro. “Wasikilizaji, mmesikia. Jiwe limetoka mbinguni likipiga radi tatu, nalo limefika baridi kama soda.”

Bunia nzima ilicheka, nafikiri. Mave, umenifundisha wewe mwenyewe kwamba mawe haya hukaa katika baridi kuu miaka isiyohesabika, kwamba moto wa kushuka huyeyusha ngozi tu na kuipuliza mbali, wala haupati muda wa kuingia ndani. Mengi hufika baridi. Ulipolisema hilo, jikoni, ukimenya ndizi, nilikata kidole. Ulidhani ni kisu kibaya. Fikiri basi: mwongo angesema liliwaka. Mwongo husema kile watu wanachokitarajia. Mtu aliyesimama peke yake katika shamba lake, akasema kitu ambacho hata yeye hakikumfaa kukisema, huyo ndiye niliyemwita mwongo.

Nilikuwa nimesoma pia. Hapo ndipo ninapochukia kujikumbuka. Nilikuwa nimesoma, mahali fulani, haraka, kwamba vitu vinavyoanguka kutoka angani ni chuma. Kweli viko vya chuma kitupu. Nilisoma mstari mmoja nikafunga kitabu, nikaenda kumpigia nao mtu. Fundi alinipa sumaku nzito ya baffle, ile spika kubwa. Nikaiweka juu ya jiwe la mlimani, la mistari, nililokuwa nimeleta makusudi, na likainuka mezani likining'inia. Nikaiweka kwenye jiwe la Lossa. Lilijikokota kidogo, likabaki pale pale.

“Hili la uani kwangu,” nikasema hewani, “linapendwa na sumaku kuliko lako la mbinguni. Rudi nalo, baba, mama watoto alitie kwenye mafiga.”

Lossa alisubiri mikro ifungwe. Alirudisha kipande kikubwa mfukoni, kile kidogo akakiacha mezani.

“Kaa nayo, mwalimu. Weye unasoma. Siku ingine vitabu vyako vitafika pa ile jiwe.”

Nilichukua kwa dharau, kama mtu anavyochukua kikombe cha ushindi. Na uvumi ulikufa kweli, nisikufiche. Watu walirudi mashambani. Nilipongezwa na wakubwa. Baba yako peke yake, akitoa viatu, alisema, “Ulimushinda. Lakini haukumusikia.” Nikamjibu vizuri sana. Sikumbuki nilimjibu nini, nakumbuka tu kwamba lilikuwa jibu zuri sana.

Ulilikuta jiwe nyumbani juu ya meza ukaniuliza ni la nani. Ningekuambia la Lossa, ungeuliza Lossa ni nani. Nikasema la babu.

Tangu Jumapili ile ya sumaku imepita miezi kumi na minne, na katika miezi hiyo nilijua pia Lossa yuko wapi. Vita vilipowafukuza watu wa kilima chake, yeye na mke wake walifika hapa mjini, kambini. Anafyatua matofali kule chini karibu na mto. Pikipiki yangu hupita pale kila ninapokwenda shule, na kila ninapopita huona kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara. Mimi, ninayewataka vigogo waombe radhi hadharani. Mimi niliyeandika kurasa nzima kuhusu watu wanaojua ukweli na kuukalia. Hasira haikunikosesha, binti yangu. Hasira yangu kuhusu uvumi ilikuwa ya haki, na bado ninayo. Nilikuwa na haki kubwa kiasi kwamba sikuona mtu aliyesimama mbele yake.

Leo, ulipokwenda kuagana na rafiki zako, nilifungua sanduku lako nikatoa soksi. Ndiyo sababu nguo zako zimekunjwa vibaya. Sikuweza kukuacha upande ndege na ile karatasi. Kwa sababu umeniambia pia jambo hili: jiwe lisilo na mahali pake wala mtu aliyeliona likianguka ni nusu ya jiwe. Wenye elimu wanataka kujua kilima gani, saa ngapi, lilitokea upande gani. Wewe ungewapelekea nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa imesimama matopeni, dakika kumi kutoka nyumbani.

Mke wake ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa akimwaga maji kwenye udongo.

“Lossa,” akasema, bila kuinua sauti, “redio imekuya na miguu.”

Lossa hakuacha kazi. Alijaza kifyatulio, akakata udongo uliozidi kwa ubao, akakinyanyua, akaacha tofali mbili juani, ndipo akanitazama. Amezeeka. Miguu ilikuwa udongo mpaka magotini.

“Muzee Lossa,” nikasema, “nilikukosea.”

“Siku gani?” akauliza.

Hakuwa akitania. Nilielewa baadaye, aliponisimulia: kulikuwa na siku nyingi. Watoto walimwita Mbingu. “Mbingu, leo inaanguka nini?” Mke wake aliulizwa sokoni kama mihogo yake nayo imetoka juu. Hata kule kambini, ambako watu wametoka vijiji ishirini, jina lile limemfuata.

Nikatoa jiwe. Alilipokea kwa mkono wa udongo, akalipima uzito, akageuza ile kona laini kwenye jua.

“Nani alisugua hivi?”

“Binti yangu.”

“Alisugua muzuri. Siye tulisugua yote.”

Hapo ndipo nilipojua yaliyokipata kile kipande kikubwa. Baada ya redio, shemeji yake, muoshaji wa dhahabu, alimwambia: kama haitoki mbinguni, basi inatoka chini, na cha chini kinachong'aa kinajulikana. Wakakiponda katika kinu cha chuma, kama wanavyoponda mawe ya karyere, kule machimboni. Wakaosha unga kwenye karai mpaka ikabaki konzi moja ya mchanga mzito, mweusi wenye kumetameta. Na kisha wakafanya anavyofanya kila mtu huku kwetu. Wakapitisha ema. Kwa muoshaji dhahabu sumaku ni ufagio: kinachonasa ni takataka, kinachobaki ndicho kitu. Kilinasa chote, Mave. Karai ikabaki tupu. Shemeji akapangusa sumaku kwenye suruali, akatikisa suruali juu ya majani.

Chuma kile kilikuwa kimeshika mahali pake tangu kabla ya dunia. Kikaishia kwenye majani ya mtoni, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema redioni kwamba si kitu.

Nilimweleza Lossa yote uliyonieleza wewe. Vitufe, vidoa, H na L na LL. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo yangu iko ya maskini,” akasema.

“Maskini wa chuma, ndiyo.”

“Sawa miye.” Mke wake akacheka, naye akacheka. Kisha akauliza: “Lakini inatoka juu?”

“Inatoka juu, muzee. Kweli kabisa.”

Aliliweka jiwe juu ya tofali kavu. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono, mpaka kwenye viwiko, polepole, akafuta kwenye shati. Ndipo akarudi kulichukua tena, kwa mikono miwili.

Nikamwambia ni lake. Kwamba umelifunga uende nalo, kwamba hujui lolote, na kwamba akitaka libaki, litabaki, na wewe utakwenda bila. Nilisema hivyo nikijua umelilea jiwe hili kuliko mdoli wowote.

“Ibaki wapi?” mke wake akauliza. “Mu hema? Mvua inaingia.”

Lossa akaligeuza jiwe mikononi. “Kule wataiponda?”

“Hapana. Watakata jani moja. Jembamba, jembamba, mpaka mwanga upite.”

“Mwanga inapita mu jiwe?”

“Inapita, likikatwa hivyo.”

Nikamwambia pia kwamba mawe haya hayapewi jina la mkubwa yeyote. Hupewa jina la mahali yalipoanguka, na wenye elimu wakilikubali huliandika hivyo, na watu wa nchi zote hulisoma. Akaniangalia kwa mara ya kwanza machoni.

“Jina ya kilima yetu?”

“Ndiyo.”

“Kule hakuna tena mutu. Hata mulango haiko.”

“Jina litakuwepo.”

Alilitamka mara tatu, herufi kwa herufi, ili nisikosee. Liko kwenye karatasi. Hapa siliandiki, maana barua hupita mikononi mwa watu na wachimbaji wana masikio. Akanipa na mengine, akisimama mahali pamoja na kugeuka kama aliye shambani: jua lilikuwa hapa, milio ilitokea pale, moshi ulipita hivi kwenda upande wa ziwa. Saa nane, kwa sababu mke wake alikuwa amemletea chakula na kuondoka, nacho hakikuwa kimepoa bado. Miaka kumi imepita na hakusita hata mara moja. Mimi nilikuwa nikiandika mgongoni mwa daftari la marudio ya wanafunzi.

“Aandike ilikuwa baridi,” akasema mwisho, akinirudishia jiwe. “Hiyo asiache.”

Nikamwambia Alhamisi nitalisema redioni. Akatikisa mkono: hiyo ni yako, miye sikuombi. Mke wake akaweka ndoo chini.

“Miye namuomba,” akasema. “Saa ileile. Na aseme jina ya Lossa muzuri, si ile ingine.”

Nitalisema. Fundi ni yuleyule, sasa ana mvi, nimekwisha kumpigia simu. Aliniuliza kama nataka muziki mwanzoni nikamwambia hapana. Watacheka wengine, na wale niliowapiga ngumi miaka yote hii watafurahi sana. Waache. Wewe utakuwa Lubumbashi, wala sitaki uhangaike kutafuta kunisikia.

Karatasi yako nimeichana. Mpya nimeiweka kwenye kikombe, imeandikwa kwa mwandiko wangu mbaya. Uinakili upya kwa wako. Mahali. Saa. Upande. Lilikuwa baridi. Aliyeona: Lossa, mkulima. Ile nafasi ya aina sikuigusa, “huenda LL” ni yako, nami nimependa sana hilo neno huenda. Sikuwa nalo nilipokuwa na umri wako, wala nilipokuwa na arobaini. Na juu ya babu yako, unisamehe. Alikuwa mtu mzuri na hakuhitaji jiwe la mwenzake.

Nilipokuwa nawasha pikipiki, Lossa alinifuata mpaka barabarani, mikono yake bado safi. Alikuwa na swali moja.

“Mwalimu. Ile mwanga, ikishapita mu jiwe, inakuwa rangi gani?”

Umenisikia maisha yako yote nikijibu. Nilizima injini.

“Sijui, muzee,” nikamwambia. “Binti yangu atatazama, atuambie.”

Anangoja, Mave. Mimi pia.

Mama yako